Mkate wa Mafiga Matatu

Binti yangu alikuwa anarudi kazini na gundi kwenye vidole. Wanawake wengine wa mtaa wetu wa Nengo walirudi na vumbi la chaki, au na harufu ya sambaza kama walikuwa wanauza samaki, lakini yeye alirudi na gundi, na mara nyingine kipande cha karatasi ya sabuni kimemganda kwenye kiwiko bila yeye kujua. Nilimwekea maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akakaa kwenye kigoda, akanawa, akanihadithia. Hivyo ndivyo nilivyoijua kazi yake, mimi niliyeacha shule nikiwa bado nafuata mstari kwa kidole.

Alikuwa msaidizi wa avoka, yaani wakili, mmoja hapa Gisenyi. Avoka huyo alishika kesi za kila namna, za mashamba, za ndoa, za magari yaliyogongana, ila meza ya binti yangu ilikuwa ya kitu kimoja tu: marke. Marke ni ile alama ambayo mtu anaiweka kwenye bidhaa yake ili mnunuzi ajue imetoka kwa nani. Simba kwenye kiberiti, nyota kwenye mshumaa, jogoo kwenye sabuni. Ilikuwa ile miaka ya mwisho kabla ya elfu mbili, barabara ya Kigali imeanza tena kupitika bila moyo kudunda, na watu walikuwa wamerudi kutoka kila upande. Sisi tulitoka Goma, wengine Tanzania, wengine Uganda. Kila mtu anaanzisha kakitu kake. Mmoja anachemsha sabuni, mwingine anakamua matunda, mwingine anatengeneza mishumaa. Na kila aliyeanzisha alitaka alama, na wengi, bila hata nia mbaya, waliweka ile waliyoiona kwa jirani.

Asubuhi binti yangu alifungua barua. Halafu alichukua karatasi ya bidhaa iliyoletwa, akaibandika kwenye katoni nyeupe, na chini yake akaeleza kwa Kifaransa kile ambacho jicho linaona, bila kuongeza wala kupunguza. Katoni hizo zilikwenda Kigali, wizarani, kuandikishwa. Usidhani ilikuwa kazi nyepesi. Siku moja aliniletea jogoo wa sabuni akaniambia nimweleze.

"Ni jogoo mwenye kiburi," nikasema.

Alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. "Mama, kiburi haiandikwi. Sema: jogoo, iko inaangalia kushoto, muguu moja juu."

"Na kiburi tunakiacha wapi?"

"Kiburi inabaki kwa jogoo."

Siku za soko alizunguka na kikapu kama mnunuzi wa kawaida. Alitazama nani anauza nini, yenye picha gani, imetoka wapi. Nyumbani kwetu sabuni hazikuwa zinafanana hata mbili, kila moja ilikuja na kesi yake. Tulifua nguo kwa simba Jumatatu na kwa nyota Alhamisi, lakini karatasi ya nje haikuruhusiwa kuguswa, hiyo ilikuwa ya dosye, lile jalada la kesi.

Alikuwa na namna yake ya kupima. Alisema mnunuzi hasimami dukani na sabuni mbili mkononi akizilinganisha kama mtu anayechagua ng'ombe. Anakuja na haraka, na picha kichwani iliyokwisha kufifia, anachukua, anaondoka. Kwa hiyo binti yangu alisimama mlangoni, akainua karatasi moja mara moja akaificha mgongoni, akauliza, "Hiyo iko sabuni gani?" Mwanzoni alinipima mimi. Nikamwambia, hiyo ni ile ya yule bwana wa karibu na bariyeri ya mpaka, mtoto wa fulani, mke wake fulani, ila ameibadilisha, zamani nyota ilikuwa na ncha ndefu zaidi.

Akashusha mikono. "Mama, wewe haufai kabisa. Unakumbuka sana. Mi natafuta mutu wa kusahau."

Akawa anamwita jirani yetu, mwanamke mwenye moyo mzuri ambaye alikuwa anasahau sufuria motoni kila siku ya Mungu. Huyo ndiye aliyekuwa mizani yake. Akisema "hizi zote ni moja", binti yangu aliandika.

Ni kweli, majina hayanipotei. Ninayo yote ya watu wa habari hii, pamoja na majina waliyoitwa utotoni, na ya mama zao. Lakini hapa sitaandika hata moja. Katika ile nyumba ya gundi nilijifunza kwamba jina lina mwenyewe, na mwenyewe anaombwa kwanza. Wengine siwezi tena kuwaomba.

Basi, kulikuwa na mwanamke mmoja wa Rugerero, mjane, aliyekuwa anaoka mikate. Alikuwa na tanuri la matofali nyuma ya nyumba, na wanawake wenzake wawili wa kukanda. Mkate wake haukufungwa kwa karatasi, nani alikuwa na karatasi? Kabla ya kuuingiza motoni alichukua chupa ya soda, akabonyeza mdomo wa chupa hiyo juu ya unga uliokandwa mara tatu: duara moja juu, mbili chini. Mkate ukivimba, duara nazo zinavimba, zinabaki juu ya gamba zikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Watu waliona mafiga, yale mawe matatu ya kuwekea chungu. Wakauita mkate wa mafiga, na yeye wakamwita Mama wa Mafiga. Asubuhi ulisikia watoto wanatumwa, "Leta ya mafiga, usilete ingine!"

Halafu mikate mingine ya duara tatu ikaanza kuingia kutoka Goma. Ilipita bariyeri ndogo vichwani mwa wanawake, ndani ya mabeseni, pamoja na vitenge na mafuta ya mawese. Duara moja juu, mbili chini. Siku ya kwanza ni mkate kama mkate. Siku ya pili unaweza kuupigia mbwa.

Wakati huo shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa imemwahidi Mama wa Mafiga kwamba itachukua mikate yake kila asubuhi. Kwa tanuri lake dogo, hiyo ilikuwa kama kuolewa mara ya pili. Lakini mikate ya Goma ilipofika huko kwa mkono wa mchuuzi, wasichana wakalalamika, na mkubwa wa shule akamwita mjane akamwambia: alete karatasi inayoonyesha kwamba alama hiyo ni yake peke yake, la sivyo watanunua kwingine. Ndiyo ikamleta kwa avoka. Ikamleta kwenye meza ya binti yangu.

Na sasa sikia shida yenyewe. Yule mwoka mikate wa Goma alikuwa shemeji yangu. Mdogo wake marehemu mume wangu, tumbo moja, baba mmoja. Binti yangu alimwita papa mudogo. Huyo ndiye aliyetulisha tulipokuwa hatuna, na siku ya kurudi Rwanda ndiye aliyebeba godoro letu kichwani mpaka bariyeri, akitukana kila mtu aliyemcheka.

Binti yangu alimweleza avoka siku ileile. Avoka alikuwa amekulia Tanzania, Kiswahili chake kilikuwa kama kimepigwa pasi. Akamwambia, "Utabandika na kuandika. Kusema nitasema mimi. Na mama huyu lazima aambiwe, aamue mwenyewe kama anatutaka." Mama wa Mafiga akaambiwa. Hakujibu kitu pale ofisini. Alikuja kunijibu mimi.

Nilikuwa uani namenya viazi vya Mudende. Akavuta kigoda, akachukua kisu cha pili bila kuombwa, akaanza kumenya naye.

"Mama, mi sikatai," akasema, "mutoto yako iko muzuri. Lakini ule mwanaume ni baba yake mudogo. Siku ya kugawa nyama, mufupa atamupa nani?"

"Atampa mwenye mfupa."

"Unasema vile juu ni wewe ulimuzaa."

"Nimemzaa, ndiyo maana namjua. Huyu alipokuwa mtoto nilimtuma chumvi, akarudi na chumvi na akanishtaki kwa baba yake kwamba nilikuwa nimesahau kumuaga. Hata mimi mama yake hakuniachia."

Akacheka kidogo. Nikamuuliza, kwa nini asiachane na hizo duara? Chupa ziko nyingi, vijiko viko, hata uma. Abonyeze kingine, aokoke.

Aliweka kiazi chini. Akaniambia aliporudi kwake baada ya vita, nyumba haikuwepo. Mlango, mabati, miti ya kahawa, hata sufuria, vyote vimekwenda. Alizunguka uani akitafuta kitu kimoja cha kumwonyesha kwamba hapo paliwahi kuwa kwake. Akakuta mafiga. Matatu, meusi, mahali palepale alipoyaweka na mume wake walipooana. "Hakuna mutu anaiba mawe ya moshi," akasema. Aliinua tena kisu. "Sasa nikiacha hiyo, nitaweka nini? Kijiko ya nani?"

Tulimenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula.

Avoka hakutaka kukimbilia korti. Aliandika barua Goma, akamwita shemeji waje wazungumze ofisini, Jumatatu asubuhi. Shemeji akajibu vizuri tu kwamba atakuja. Jumamosi jioni binti yangu alinunua mikate miwili sokoni, mmoja wa Rugerero na mmoja wa Goma, yote imetoka motoni siku hiyo, ili Jumatatu iwekwe mezani mbele ya kila mtu. Ilikuwa inafanana hasa. Kwa hiyo aliufunga wa mjane kwa uzi mweupe, na wa Goma kwa uzi mwekundu, akaiweka juu ya kabati na kufunika kwa kitambaa.

"Mama," akasema, "hii mikate si ya kula. Iko ya dosye."

"Nimesikia."

"Hata kidogo."

"Nimesikia, mwanangu. Mimi mkate wenye kesi siugusi."

Jumapili alikwenda misa. Mimi nilikuwa na mguu unaouma, nikabaki. Jua likiwa limepanda, nasikia mtu anabisha kwa fimbo kwenye mlango wa bati na sauti ninayoijua. "Hodi kwa kaka yangu!" Alibisha hivyo kila mara, ingawa kaka yake tulikuwa tumemzika zamani.

Shemeji. Na kibegi chake, na kofia yake nyeupe, maana alipooa Goma alifuata dini ya mke wake na akaipenda kuliko mke mwenyewe alivyoipenda.

"Shemeji, Jumatatu asubuhi ile bariyeri inajaa sana," akasema. "Nikasema acha nikuye leo, nilale kwa batu yangu."

Yaani anakuja kupambana na mtoto wa nyumba hii, na analala katika nyumba hii. Baadaye binti yangu aliniuliza kwa nini nilimkaribisha. Sasa angelala wapi? Hotelini, kama mtu asiye na ndugu? Ningeonekanaje kwa marehemu?

Akakaa. Aliomba maji, nikampa. Chai nikaweka. Halafu nikafungua kabati na nikaona aibu: hakukuwa na kitu. Viazi vilikuwa vya jioni, vibichi. Muhogo ulikuwa umekwisha. Jirani niliyemzoea kwa kukopa alikuwa misa, pengine na sufuria yake motoni. Mgeni amevuka mpaka, amekalia kiti cha kaka yake, amenyoosha miguu, na mimi nimpe chai kavu? Kwetu hiyo haifanyiki. Mgeni hakai chini ya kabati yenye mkate juu yake huku unamwambia umekwisha. Mpaka leo watu wananicheka kwa ajili ya siku hiyo, na mpaka leo sioni kosa langu.

Nilinyoosha mkono chini ya kitambaa. Uliokuja mkononi ni wa uzi mweupe. Nikautoa uzi, nikauviringisha kwenye kiganja, nikaupeleka mkate kwenye sahani pamoja na kisu.

Shemeji akauona. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Ah! Ah, shemeji! Munakula mukate yangu!"

Nikammiminia chai.

"Mi nilijua! Nilimwambia bibi yangu, pale kwa kaka yangu hawawezi kula mukate ya mutu wa inje. Hata kama mutoto iko ananiandikia mabarua na stempeli." Akasema bismillahi, akakata, akachovya. Akatafuna macho yamefumbwa. "Unaona venye iko laini? Nimepigia hao vijana kelele, mukande! mukande! Leo bamesikia. Tangu siku mingi sijakula mukate yangu muzuri kama hii."

Uzi mweupe ulikuwa unaniwasha kiganjani kama upupu. Nikamuuliza, maana ulimi wangu haukuweza kukaa, "Una hakika ni wako?"

"Eh, shemeji! Mama anakosa mutoto yake?" Akaweka kidole juu ya duara moja iliyobaki. "Hii iko mukono yangu. Hii ya juu nabonyeza kwanza, hizi mbili kisha. Ule mwanamuke wa Rugerero anabonyeza tu kama anaua mende."

Alikata kipande cha tano. Mlango ukafunguka, binti yangu huyo, na Biblia kwapani na kilemba cha misa. Alimwona papa yake mudogo kwanza, akapiga magoti kidogo kumsalimu vizuri. Halafu aliona sahani. Halafu akaangalia juu ya kabati. Halafu akaniangalia mimi.

"Mama."

"Mgeni amekuja," nikasema.

"Mama, hiyo ni ya dosye!"

"Dosye haijakunywa chai. Huyu amevuka mpaka."

Shemeji alikuwa bado anacheka. "Kaa, mutoto yangu, kula. Kuko vita gani kwa mukate ya baba yako mudogo?"

Nilifungua kiganja nikamwonyesha binti yangu uzi. Mweupe. Nikamwona anaelewa, polepole, kama mtu anayesoma mstari mrefu. Mtu aliyeoka mkate mwenyewe, mwenye mkono wake, mwenye chupa yake, ameshindwa kutenganisha mkate wake na wa jirani, tena mchana, tena akiwa ameushika. Kwa miezi yote binti yangu alikuwa anamtafuta mtu wa kusahau, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake, na makombo kwenye ndevu.

Angeweza kunyamaza. Angenyamaza, aende kesho ofisini, aseme. Alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Papa mudogo, hiyo mukate si yako. Ni ya Mama wa Mafiga."

"Acha michezo."

Akashusha ule wa pili, wenye uzi mwekundu, akauweka kando. "Hii njo yako."

Shemeji aliuchukua, akaugeuza, akabisha kwa ukucha chini, akanusa. Akarudi kwa ule wa kwanza, akanusa. Akasema, "Mulichanganya. Nyuzi zimebadilika."

"Kula basi."

Akakata kipande cha ule wa uzi mwekundu. Akatafuna. Tulisikia anavyotafuna, maana mkate wenyewe ulikuwa unajisema. Uso uliokuwa umefunguka kama dirisha ukajifunga taratibu. Hakumaliza kile kipande. Akakiweka kwenye ukingo wa sahani kwa adabu, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke.

Hapo binti yangu akasema kitu ambacho sijakisahau. "Papa mudogo, hii tumesema hapa, kesho mi sitaibeba. Ulikuwa mugeni, ulikuwa unakula. Maneno ya sahani inabaki kwa sahani. Kesho nitabandika na nitaandika tu."

Nilimuuliza baadaye jikoni, "Na Mama wa Mafiga je? Si amekuamini?"

Alikuwa anaosha vikombe, hakugeuka. "Ndiyo maana inaniuma, Mama." Akaosha kikombe kimoja kwa muda mrefu mno. Akasema kuwa kesho atamwambia avoka mambo mawili tu, kwamba mkate mmoja umeliwa na kwamba mgeni alilala kwetu, kisha avoka aamue. Akasema hawezi kumfanya mtu shahidi dhidi yake mwenyewe kwa chai ya mama yake. Lakini pia akilala kimya, mjane anapoteza shule. Nilimwona amekuwa mdogo, kama siku ile ya chumvi.

Jioni ile tulikula viazi. Shemeji alisifu viazi. Mkate hakuna aliyeutaja.

Jumatatu nilikwenda nao. Sikuitwa, nilijiita, nilisema mguu umepona. Ofisi ilikuwa vyumba viwili, cha mbele chenye benchi na meza ya binti yangu, na mashini ya kuandikia iliyofunikwa kama mgonjwa. Mama wa Mafiga alikuwa amefika kabla yetu, kitenge kipya, mikono imefungwa juu ya mapaja. Alipotuona tunaingia pamoja, mimi, binti yangu na shemeji na kibegi chake, macho yake yalituhesabu sote upande mmoja. Aliinama akatazama viatu vyake. Sijui kama nimewahi kuona mtu amekaa peke yake hivyo katikati ya watu.

Avoka akaanza. Akasema hakuna ugomvi ila kuna swali moja: je, mnunuzi wa kawaida anaweza kuchukua mkate huu akidhani ni ule? Akamgeukia binti yangu. "Ile mikate miwili, tafadhali."

Binti yangu akaweka mezani mmoja, wenye uzi mwekundu, umekatwa pembeni.

"Na wa pili?"

"Umeliwa," binti yangu akasema. "Nyumbani. Kulikuwa na mgeni. Nilitaka kukuambia kabla."

Avoka akavua miwani. Mama wa Mafiga akatoa pumzi, akasema polepole, bila kumlenga mtu yeyote, "Nilijua."

Basi neno hilo ndilo lililomfikia shemeji. Alikuwa amekaa kama kiongozi, mikono juu ya fimbo. Akaiegemeza ukutani.

"Mi njo niliikula," akasema.

"Papa mudogo, haulazimishwi," binti yangu akasema haraka.

"Nyamaza, mutoto. Jana ulinyamaza kwa ajili yangu, leo nyamaza tena." Akamgeukia mjane. "Mama, niliikula mukate yako. Yote karibu. Nilisema ni yangu. Niliisifu. Nilisema vijana yangu bamekanda vizuri." Alijikuna chini ya kofia. "Na wewe nilikutukana. Nilisema unabonyeza kama mutu anaua mende."

Mama wa Mafiga akauliza, "Na ulikula vipande ngapi?"

"Ine. Shemeji iko hapa, atasema."

"Alikula vitano," nikasema. Kweli ni kweli.

Kicheko kilimtoka yule mwanamke kama maji yanayovunja ukingo, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na mwisho hatukujua tena kama anacheka au anafanya nini. Avoka naye akageukia dirisha. Shemeji alisubiri. Kisha akaeleza bila kuulizwa kwamba wachuuzi ndio waliomwambia, kule ng'ambo watu wanataka wa mafiga, weka duara tatu utauza. Aliweka. Hakujua duara zilitoka wapi. Binti yangu alimtazama Mama wa Mafiga kama anaomba ruhusa, na Mama wa Mafiga akamwambia mwenyewe, habari ya uani na mawe meusi, kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi.

Shemeji alivua kofia. Ofisini, mbele ya wanawake. Akasema, "Muniachie moja. Duara moja tu. Chupa nilikwisha kununua."

"Chukua," Mama wa Mafiga akasema, bado anafuta macho. "Tutaona chungu utaiweka wapi."

Avoka akasema ataandika makubaliano. Binti yangu akafunua mashini.

Jioni hiyo ndipo alipotengeneza katoni ya Kigali, nyumbani, juu ya meza yetu, na gundi yake. Alichora duara tatu kwa kuzungushia mdomo wa chupa ambayo Mama wa Mafiga mwenyewe alimpa. Akaniuliza, kwa kunichokoza, "Mama, eleza."

"Mafiga," nikasema. "Ya mtu aliyerudi akakuta..."

Akanitazama. Safari hii hakucheka. "Hiyo haiandikwi, Mama," akasema taratibu, na akaandika kwa Kifaransa: duara tatu, moja juu, mbili chini. Alikwenda na basi la alfajiri. Karatasi ilirudi baada ya muda na mihuri yake, shule ikaanza kuchukua mikate, na tanuri la Rugerero likaongezwa ubavu. Mama wa Mafiga alimletea binti yangu mkate wa kwanza wa baada ya karatasi, na akamkabidhi kwa mikono miwili, jambo ambalo kabla ya hapo hakuwa amelifanya.

Shemeji aliendelea kuja, na kibegi chake, na hodi yake kwa kaka yake. Alikuja na mkate wa duara moja, ambao, niseme haki, ulikuwa umeanza kuwa laini. Tuliikata yote miwili, wake na wa mafiga, vipande vidogo visivyoonyesha duara, tukavichanganya kwenye sahani. Na yeye, kabla ya bismillahi, alikuwa anainua kipande, anakigeuza, anakitazama juu na chini kama daktari.

"Shemeji, hii iko ya nani?"

Na binti yangu alimjibu kutoka chumbani, mikono yake ikiwa kwenye beseni, "Kula tu, papa mudogo. Kesho hatuna dosye."

Alikula. Na bado, mara nyingi, alikosea.